Kompyuta Haijafa, Imelala Tu

Neno linalotugharimu kuliko yote katika maabara yetu ya kompyuta ni "mbovu". Linaandikwa kwa kalamu nyekundu, linabandikwa kwa selotepu juu ya monita, na likishabandikwa hakuna anayeuliza tena. Safu nzima ya nyuma sasa hivi imevaa karatasi hizo. Mbele, wiki mbili kabla ya mitihani, watu wamepanga foleni kusubiri mashine chache zilizobaki. Waliochoka kusubiri wanakwenda steshenari za nje ya geti kulipia kuchapiwa kazi zao kwa ukurasa, tena kwa pesa ya bumu ambayo ilikuwa ya kula.

Nimepata kuzigusa baadhi ya mashine hizo za safu ya nyuma, kwa ruhusa ya mhudumu. Nyingi hazikuwa mbovu. Moja ilikuwa imelala. Nyingine kioo chake kilizimwa na mpango wa kubana umeme kikakataa kuamka. Nyingine kibodi yake ilikuwa inaandika Kijerumani. Hoja yangu ni kwamba hatuna upungufu wa mafundi peke yake, tuna upungufu wa maneno. Hali nne au tano zilizo tofauti kabisa tunazipa jina moja, "imekufa", halafu tunashangaa kwa nini hakuna anayeweza kuitibu. Na sisi tunaosomea ualimu ndio tutakaolipa zaidi, maana shule nyingi tunazokwenda kupangiwa hazina fundi wa kumpigia simu.

Hebu tuyapange maneno kwanza.

Kioo kuwa cheusi si hali moja

Kompyuta zetu zinatumia Linux, na zile nyingi zina Ubuntu. Ubuntu isipoguswa kwa dakika 5, kwa mpangilio wake wa kawaida, inazima kioo. Hapo hakuna kilichokufa. Kuna utaratibu unaoitwa DPMS, uliotungwa mwaka 1993 na VESA, umoja wa watengenezaji wa vifaa vya picha, enzi za monita nene zile za tyubu zilizokuwa zinakula umeme kama pasi. Kompyuta inaacha kutuma mapigo yanayoiongoza monita ichore picha, na monita ikiona mapigo yamekatika inaelewa kwamba imeambiwa ipumzike. Taa yake ndogo inageuka rangi, mara nyingi inakuwa ya machungwa, au inaanza kupepesa. Kazi yako bado ipo, programu zote zinaendelea, na kama ulikuwa unapakua kitu kinaendelea kupakuliwa. Hii tuiite kioo kusinzia.

Hali ya pili ni kufungwa. Kioo kinawaka, ila kinataka nywila ya mtu aliyekuwa ameingia. Kwenye maabara hii ndiyo kero ya kila siku: mwenzetu kaenda kunywa chai kwenye vimbweta bila kutoka kwenye akaunti yake, na mashine inamsubiri yeye. Watu wanaizima kwa kuchomoa waya. Haina haja. Chini ya sehemu ya nywila kuna njia ya kuingia kama mtumiaji mwingine, ikiwa maabara haijaiondoa, na kazi ya aliyeondoka inabaki salama.

Hali ya tatu ni mashine nzima kulala. Hapa feni zinanyamaza, diski inasimama, na kinachopewa umeme ni kumbukumbu ya muda tu, ili ikiamka irudi pale pale ilipokuwa. Taa ya kitufe cha kuwashia inapepesa au inabadilika rangi, kutegemea aina ya mashine. Kinachowachanganya wengi ni kwamba kibodi ya USB inaweza ikashindwa kuiamsha, si kwa sababu ni mbovu, bali kwa sababu mlango wake haukupewa ruhusa ya kuamsha mashine. Dawa yake ni kubonyeza kitufe cha kuwashia mara moja, kwa ufupi, na kuachia. Ukikishikilia kwa sekunde kadhaa umeikata umeme, na ulichokuwa hujahifadhi kimekwenda.

Hali ya nne ndiyo kuganda. Hii ipo, na ni kweli inaudhi, lakini ndiyo tunayopaswa kuifikiria mwisho.

Na kabla ya zote nne kuna waya. Waya wa picha uliolegea nyuma, au monita ambayo mtu ameibonyeza ikawa inatafuta picha kwenye tundu lisilo na kitu, inatoa giza lile lile. Kama kioo kinaandika kwamba hakuna mawasiliano, anza na waya. Jamani, wengi wetu tunarukia kwenye mambo makubwa wakati kichwa cha waya hakijakazwa skrubu zake mbili.

Taa tatu za kuuliza

Namna ya kuzitofautisha hali hizi haihitaji diploma. Inahitaji kuuliza kwa mpangilio. Angalia taa ya monita: haiwaki kabisa, imegeuka rangi, au iko kawaida? Sikiliza kasha, lile tunaloliita CPU: feni zinazunguka au kimya? Kisha bonyeza Caps Lock na uangalie taa yake.

Hiyo ya tatu ndiyo naipenda kuliko zote. Taa ya Caps Lock haiwashwi na kibodi yenyewe. Ukibonyeza, habari inakwenda kwenye kompyuta, na kompyuta ndiyo inayotuma jibu kwamba washa taa. Kwa hiyo ikiwaka na kuzimika kila unapobonyeza, ujue habari imekwenda na jibu limerudi. Mashine iko macho, kibodi ni nzima, na shida imebaki upande wa kioo. Kwa kitufe kimoja umeshaondoa nusu ya mashaka. Isipowaka, usihukumu bado. Hamishia kibodi kwenye tundu lingine, la nyuma ya kasha, au jaribu kibodi ya jirani. Tundu za mbele zinachomekwa flashi kutwa nzima na ndizo zinazochoka mapema.

Tuseme taa inajibu lakini kioo ni giza. Bonyeza Ctrl, Alt na F3 kwa pamoja. Linux ina kurasa kadhaa za kazi zinazoishi sambamba, na F3 inakupeleka kwenye ule wa maandishi matupu. Subiri kidogo, kisha rudi kwa Ctrl, Alt na F2, au F1 kama ulikuwa kwenye ukurasa wa kuingilia. Kule kwenda na kurudi kunailazimisha kompyuta iipange upya picha inayotuma kwa monita, na mara nyingi kioo kilichogoma kinaitika. Kwenye mashine za zamani zinazotumia mfumo wa picha wa X, ukiwa ndani ya terminali unaweza pia kuandika xset q ili usome muda uliowekwa wa kuzima kioo, na xset dpms force on ili kukiamsha. Mashine mpya zinazotumia Wayland haziendeshwi kwa amri hizo. Kwenye hizo, nenda kwenye mipangilio, sehemu ya umeme, ukaongeze muda wa kioo kuzimika.

Nasema kuongeza muda, sisemi kuondoa kabisa. Nimesikia wenzangu wakitaka kipengele hiki kifutwe kwenye maabara yote ili kisitusumbue. Hapana. Monita zote zinazowaka usiku kucha bila mtu ni bili ya umeme inayolipwa na chuo, na chuo kikilipa huko kinapunguza kwingine. Dakika 5 ni chache kwa mtu anayesoma kitabu huku kaweka kazi yake pembeni. Dakika 20 au 30 zinatosha. Kinachotakiwa ni kujua kukiamsha.

Kibodi nayo ina visa vyake

Kompyuta nyingi zinazokuja kwenye shule na vyuo vyetu ni za kutumika, zinatoka Ulaya. Zinakuja na tabia za kwao. Ya Ujerumani imebadilisha nafasi ya Z na Y, na ya Ufaransa imebadilisha A na Q. Kuna shule moja nilikokwenda kwa mazoezi ya kufundisha, chumba cha kompyuta kilikuwa kimefungwa kwa kufuli na tukaambiwa mashine zote zimekufa. Mwalimu mmoja akatufungulia. Mbili kati ya zile tulizowasha zilikuwa nzima kabisa, isipokuwa zilikuwa zinakataa nywila. Nywila ilikuwa na herufi Z ndani yake. Nikaandika jina la Zanzibar mahali pa jina la mtumiaji, pale ambapo maandishi yanaonekana, ikatokea Yanyibar. Juu ya kioo, kona ya kulia, palikuwa na herufi mbili ndogo: de. Tukabonyeza kitufe chenye alama ya Windows pamoja na kile kirefu cha nafasi, ile de ikageuka en, nywila ikakubali. Yaani watoto wa shule ile walikuwa wamekosa kompyuta mbili kwa muda wote huo kwa sababu ya herufi mbili kona ya kioo.

Kisa kingine ni kibodi inayoonekana kama imekuwa zito. Unabonyeza, haiandiki mpaka ukandamize kwa nguvu na kwa muda. Linux, kama mifumo mingine, ina msaada kwa watu ambao mikono yao inatetemeka: herufi haikubaliwi mpaka kitufe kishikiliwe kidogo. Mashine ikiwa imeruhusiwa kuwasha msaada huo kwa kibodi, kushikilia Shift ya kulia kwa sekunde 8 kunauwasha, hata kama hukukusudia, na kubonyeza Shift mara tano mfululizo kunawasha ule wa vitufe kunata. Mtu aliyeegemea kibodi huku anasoma madesa anaweza kuviwasha vyote bila kujua. Kuvizima ni kurudia kitendo kile kile, au kwenda kwenye alama ya umbo la mtu iliyo juu ya kioo.

Halafu kuna kibodi inayomeza herufi ya kwanza. Unakaa kimya unafikiri, unaanza kuandika "mwalimu", inatokea "walimu". Hapo shuku mambo ya kubana umeme tena. Kuna programu kama powertop ambazo zikiambiwa zibane kila kitu zinaruhusu hata tundu la USB lenye kibodi lisinzie. Herufi ya kwanza inatumika kuliamsha, ya pili ndiyo inayoandikwa. Hilo si la mwanafunzi kurekebisha kwenye mashine ya wote, ila ukimwendea mhudumu ukamwambia "inameza herufi ya kwanza baada ya kukaa kimya", umempunguzia kazi ya asubuhi nzima. Ukimwambia "kibodi mbovu", ataitupa kwenye boksi.

Na ikiwa imeganda kweli, hakuna kinachojibu? Kabla ya kuchomoa waya, kuna mlango wa dharura. Shikilia Alt pamoja na SysRq, ambacho kwenye kibodi nyingi ndicho kile cha Print Screen, kisha bonyeza S, U na B, moja baada ya nyingine, ukipisha sekunde chache. S inaagiza kila kilichokuwa njiani kwenda diski kiandikwe. U inayafunga mafaili yasiandikwe tena. B inawasha upya. Ulichokuwa hujahifadhi hakitarudi, lakini diski inabaki salama, tofauti na kuchomoa waya wakati inaandika.

"Wanafunzi wataharibu"

Najua jibu litakalotoka ofisini: mwanafunzi akiruhusiwa kugusa, ataharibu. Hofu hiyo si ya bure. Wapo waliobadilisha mipangilio ya mashine za wote, wapo waliochomoa kumbukumbu kwenye makasha wakaondoka nazo mfukoni. Lakini hebu tuangalie nilichotaja hapo juu. Kuangalia taa, kukaza waya, kubonyeza Caps Lock, kwenda F3 na kurudi, kubadilisha lugha ya kibodi, kuzima msaada wa vitufe. Hakuna hata moja linalofungua kasha, hakuna linalohitaji nywila ya msimamizi, hakuna linalofuta faili. Kinachoharibu mashine zetu leo ni kile tunachofanya kwa kutojua: kuzima kwa nguvu kitu kilichokuwa kimesinzia tu.

Wengine watasema tatizo ni Linux yenyewe, turudi Windows. Windows nayo inazima kioo, nayo inalaza mashine, na Z na Y zitapishana vile vile kama lugha ya kibodi ni ya Kijerumani. Tofauti ni kwamba Linux haituombi ada ya leseni, inakubali kukaa kwenye mashine za zamani kama zetu, na inakuruhusu kuuliza kilichotokea na kusoma jibu. Na tusisahau ilianzishwa na nani. Mwaka 1991 Linus Torvalds alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, ana miaka 21, anahangaika na kompyuta yake chumbani. Mfumo uliotoka mikononi mwa mwanafunzi leo tunaambiwa mwanafunzi asiuguse!

Kuna la tatu ambalo linanihusu mimi kama mwalimu mtarajiwa. Katika kozi yetu ya TEHAMA tunafundishwa sehemu za kompyuta, tunachora kasha na monita, tunajibu maswali ya kuainisha vifaa vya kuingizia na vya kutolea taarifa. Tunafaulu. Halafu mwalimu huyo huyo aliyepata A anapelekwa shule ya sekondari, kioo kinakuwa cheusi katikati ya kipindi mbele ya wanafunzi hamsini, naye anasema neno lile lile: mbovu. Chumba kinafungwa. Kufuli linaota kutu.

Na kuna ndugu wa neno hilo ambaye sisi walimu tunamjua vizuri, naye ni "kilaza". Mtoto hajibu darasani. Huenda hajala, huenda haoni ubaoni, huenda Kiingereza cha Kidato cha Kwanza kimemfungia mlango, huenda kweli hajaelewa. Hali nne, dawa nne. Mwalimu aliyezoea kubandika karatasi atambandika na mtoto pia. Aliyezoea kuuliza taa ya kwanza, ya pili na ya tatu, atauliza na kwa mtoto. Ndiyo maana sikubali kwamba hili ni suala la watu wa kompyuta. Kutafuta kasoro kwa mpangilio, bila hasira na bila kuhukumu mapema, ni somo la ualimu.

Kinachotakiwa sasa

Naiomba serikali ya wanafunzi ipeleke mambo manne kwa uongozi wa chuo, na hakuna hata moja linalohitaji bajeti ya kutisha.

La kwanza ni ukurasa mmoja wa Kiswahili, uliobandikwa ukutani kila safu, wenye maswali ya taa tatu na hatua zake. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisini zinazoongea Kiswahili. Kama tuliweza kuwa na menyu kwa lugha yetu miaka yote hiyo iliyopita, hatushindwi kuwa na karatasi moja.

La pili ni kuondoa neno "mbovu" kwenye karatasi za monita. Anayebandika aandike alichokiona: taa ya monita rangi gani, feni zinazunguka au la, Caps Lock inajibu au la, na tarehe. Karatasi hiyo itamsaidia fundi atakayekuja, na itamzuia mvivu kubandika bila kuangalia.

La tatu ni muda wa kioo kuzimika uwekwe sawa kwa mashine zote, na lugha ya kibodi iwekwe sawa tangu kwenye ukurasa wa kuingilia. Hiyo ni kazi ya msimamizi, na ni kazi ya siku moja.

La nne ni kwa kitivo chetu cha elimu. Katika kozi ya TEHAMA tupewe zoezi moja la vitendo: mwanafunzi anaingia, anakuta mashine imefanywa "mbovu" makusudi, waya umelegezwa au kibodi imegeuzwa Kijerumani, na anapimwa kwa maswali anayouliza na mpangilio wake, siyo kwa kasi. Najua wengine tutapata supu. Afadhali supu hapa kuliko kufuli kule.

Wakati tunasubiri majibu ya ofisini, wewe unayekwenda maabara leo jioni, ukikuta kioo cheusi usiende moja kwa moja kwenye swichi ya ukutani. Bonyeza Caps Lock. Ikikujibu, una pa kukaa.